Herufi za Mfalme Sejong kwenye Blokicheni

Ndugu zangu, wapo wanaosema utambulisho wa Mkorea sasa waweza kununuliwa kwa njia ya kompyuta. Kabla sijawajibu, naomba kila mmoja atamke "ga" polepole. Mmeona ulimi ulivyonyanyuka nyuma ukaziba koo? Sasa tamkeni "na". Ncha imegusa nyuma ya meno ya juu. Haya, tazameni ubaoni: ㄱ, kisha ㄴ. Ni ulimi ule ule, umechorwa kwa ubavuni. Na hii, ㅁ, ni mdomo.

Hizo ni herufi za Hangul. Mfalme Sejong wa Korea alizitunga mwaka 1443, akazitangaza 1446. Kabla ya hapo kusoma kulitaka maelfu ya alama za Kichina, na mkulima angeipata wapi nafasi hiyo? Mfalme anaeleza katika dibaji ya tangazo lake kwamba amewaonea huruma watu wenye la kusema wasioweza kuliandika, ndiyo maana ametunga herufi 28 zilizo nyepesi kujifunza.

Kitabu kinachofafanua herufi hizo kina karatasi 33. Kiliibuka mjini Andong, Korea, mwaka 1940, wakati watawala wa Kijapani wamekwisha kukibana Kikorea. Jeon Hyeong-pil, mkusanyaji wa mali za kale, alikinunua akakificha hadi ukoloni ulipoanguka.

Mwaka 2021 makumbusho aliyoyaasisi, Kansong, yalitangaza kuuza nakala 100 za kidijitali za kitabu hicho kwenye blokicheni, kila moja na namba yake, na kila moja kwa woni milioni 100, fedha ya Korea.

Hapa tukae kidogo. Mnunuzi anapata nini hasa? Blokicheni ni daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, hivyo hakuna anayeweza kufuta mstari peke yake. Lakini mara nyingi picha yenyewe haimo. Kilichomo ni namba, akaunti ya mwenyewe, na kiungo cha kuonyesha picha ilipowekwa. Huko ikifutwa, mtu hubaki na stakabadhi.

Siwalaumu Kansong. Walikuwa na shida ya fedha, na mwaka 2020 walishapeleka mnadani sanamu mbili za Kibudha. Kutunza vitu vya kale ni gharama. Ninachokataa kabisa ni stakabadhi kuitwa utambulisho. Herufi zilizotungwa ili kila mtu awe nazo haziwezi kugawanywa kwa watu 100.

Utambulisho wa Mkorea nauona kwa mtoto anayeandika ujumbe kwenye simu. Anabonyeza ㄴ, anabonyeza ㅏ, zinaungana kuwa 나. Hilo ni neno kamili, husomwa "na". Maana yake ni "mimi".