Kihisi cha Ukutani Hufia Usingizini

Asanteni. Nitasema kihisi, yaani kile kifaa kidogo cha ukutani kinachopima joto la chumba na kutuma namba, maana nikisema sensa kuna mama hapa mbele atadhani nimekuja kuhesabu watu wa kaya yake.

Kisanduku, bodi ya saketi, redio ya kurusha namba, betri: hayo mnayajua. Kila mwaka mnaniuliza redio gani inakula umeme kidogo, na kila mwaka najibu kwa ukorofi uleule: achaneni na redio! Kifaa kinachoamka kila dakika 15 kwa sehemu ya 10 ya sekunde, kwa siku nzima kinakuwa macho sekunde 10 tu. Muda mwingine wote kimelala. Niambie kinakula nini kikiwa kimelala.

Waliokwisha kusikia kisa hiki wanivumilie. Tulifunga vihisi vya joto kwenye stoo moja ya dawa, Ilala. Betri ni zile bapa kama sarafu, CR2032, umeme uliomo ni miliampia-saa 220 hivi. Kwenye karatasi, kifaa kilikula wastani wa mikroampia 4, na mikroampia 1,000 ndiyo miliampia moja, yaani betri idumu zaidi ya miaka 6. Nikamwambia mwenye stoo, "Mzee, utapaka rangi ukuta huu mara mbili kabla hujanipigia simu." Alipiga baada ya miezi miwili. Vyote kimya. Tukasema betri feki, si unajua Kariakoo. Kitu kikifa mjini hapa Kariakoo ndiyo husingiziwa. Tukanunua betri za bei ya kuumiza. Miezi miwili, kimya tena.

Usiku mmoja nikakaa na bodi na mita ya kupimia umeme. Nikakuta rezista mbili, vile vijipande vya kubana umeme, za kilo-omu 10 kila moja, nilizozichomelea kwa mkono wangu huu, ili kifaa kipime volti ya betri na kunitaarifu ikikaribia kuisha. Volti 3 kwenye kilo-omu 20 ni mikroampia 150, usiku na mchana. Gawanya mwenyewe: siku 60. Mlinzi wa ghala ndiye aliyekuwa anakula mahindi!

Najua kuna mtu anasema, "Si uweke rezista za megaomu, zinazobana mara mia zaidi?" Weka, halafu chipu, ule ubongo wa bodi, ikusomee uongo mpaka uongeze kapasita, kile kijipande cha kuhifadhi umeme kidogo. Tena chipu nyingi siku hizi hujipima volti zenyewe. Hata ile yangu. Nilisoma maelezo yake baada ya msiba.

Mwingine atasema mteja anataka taa ndogo ya kijani ajue kifaa ni kizima. Taa ya miliampia 2 ikiwaka muda wote inamaliza betri ileile kwa siku 4 na nusu. Mwambie mteja atazame namba. Zikifika, kifaa ni kizima.

Ukuta sasa... mwenyekiti ananionyesha vidole viwili, dakika mbili zimebaki. Ukuta wa tofali uliopigwa na jua la saa tisa alasiri ni jiko. Kihisi kikiugusa kitapima ukuta badala ya chumba, kwa hiyo acha mwanya nyuma. Antena ya redio iwe mbali na nondo za chuma. Kwa redio ya megahezi 868, antena ya robo ya wimbi ni sentimita 8.6, usiikunjekunje ili kisanduku kipendeze. Matundu ya hewa yapate wavu, sisimizi wanapenda sana bodi zetu. Chumvi ya upepo wa bahari kule Masaki nilitaka kuieleza, lakini basi.

Mliokuja na vifaa sogeeni mezani, mita ninayo. Tunaanza na vyenye taa.