Holden Commodore: gari ya kuazima iliyokuja kuwa ya kwao

Haya jamani, mnanisikia huko nyuma? Sawa. Holden yenyewe, kampuni ya magari ya Australia, ilikuwa mali ya General Motors (GM) ya Marekani, gari yake ya kwanza ilizinduliwa 1948 na waziri mkuu Ben Chifley pale Melbourne, ila hiyo tuipite, leo ni Commodore.

Commodore ya kwanza, toleo la VB, ilitoka 1978. Mafuta yalishapanda bei, wakaona ile Kingswood, gari yao ya zamani, ni kubwa mno, wakaenda kuchukua bodi kwa Opel, kampuni nyingine ya GM huko Ujerumani. Sasa wakaipeleka kuijaribu kwenye barabara za vumbi za bara huko, bodi ikapasuka! Kwa Mjerumani ilikuwa gari nzuri tu, ila zile njia hazikuwa za kwao, ikabidi waikaze upya sehemu kibao, kwa hiyo mnayoiona ni sura ya Ujerumani lakini mifupa ya Australia. Shida ikabaki upana, kiti cha nyuma watatu mnabanana, na wapinzani wao Ford wakatoa Falcon XD 1979 ikiwa pana kama kawaida, wateja wengi wakahamia huko, teksi ndo usiseme.

1986 ikaja sheria ya petroli isiyo na madini ya risasi, ile injini yao ya zamani ya silinda sita haikuiweza, basi wakanunua injini kwa Nissan, RB30, ndo hiyo toleo la VL, na ile yenye tabo (turbo) hata polisi waliitumia. Miaka miwili baadaye, toleo la VN, wakahamia injini ya V6 ya Buick ya Marekani. Halafu kuna kituko mnakijua? 1989 hadi 1997 Toyota nao walikuwa wanaiuza hiyohiyo kwa nembo yao, jina Lexcen, maana serikali ilitaka viwanda vipunguze aina za magari. Yaani Toyota inauza Holden!

Wenye ndugu Muscat au Dubai, ile Chevrolet Lumina iliyokuwa inakimbizwa huko ni Commodore hii hii, imetengenezwa Elizabeth, karibu na Adelaide, usukani kushoto.

Sasa VE ya 2006 ndo waliibuni wenyewe kuanzia mwanzo, dola zaidi ya bilioni moja za kwao, na kwangu mimi ndo bora kuliko zote. Ila ilikuja wakati mbaya: GM ikafilisika 2009, Pontiac, nembo ya GM iliyokuwa inaiuza Marekani kwa jina la G8 ikafungwa, dola ya Australia ikapanda ikaipita ya Marekani, kuuza nje ikawa hasara, na nyumbani watu washahamia magari ya juu (SUV) na pikapu. Wengine wanalaumu ruzuku ya serikali kuwa ndogo tu, mimi naona hata ingeongezwa wateja wasingerudi.

Kiwanda kikafungwa tarehe 20 Oktoba 2017. 2018 wakaleta Opel Insignia kutoka Ujerumani, wakaibandika jina Commodore, injini ya V8 hakuna, nguvu za kwenye tairi za nyuma hakuna, nani anunue? Februari 2020 GM wakatangaza kwamba jina lenyewe la Holden linazikwa.

Maswali? Naona wa Falcon keshanyoosha mkono, haya kaka, anza wewe.