Fedha za Kulinda Kisiki

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeitwa kuzungumzia fedha za kurudisha uoto, lakini naomba nianzie Shinyanga, kwenye kisiki.

Ukifika kwenye ardhi iliyochoka kule Usukumani, unaona vumbi na nyayo za ng'ombe. Inama. Fukua kwa kidole pale mgunga ulipokatwa: chini ya gome kavu utakuta chipukizi bichi, dogo kama punje ya mtama. Mti upo. Unazuiwa kusimama na mdomo wa mbuzi na shoka la mchoma mkaa.

Wasukuma walilijua hilo zamani. Mvua zikianza, walifunga sehemu ya malisho, wakaifungua kiangazi kikibana, ndama na maksai wakitangulia. Hiyo ndiyo ngitili. Baadaye vichaka vikafyekwa ili kumfukuza mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na uhamisho wa kwenda vijiji vya ujamaa miaka ya 1970 ukawaacha watu mbali na ngitili zao.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, Norway ikatoa fedha. Ngitili zilizokuwepo zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni nguvu nyingi zilikwenda kwenye vitalu vya miche. Mambo yaligeuka wataalamu walipowasikiliza wazee. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mradi ulifungwa 2004. Miaka 18! Leo mradi ukipewa miaka mitatu watu wanashukuru, na mgunga wa miaka mitatu mbuzi bado anaufikia.

Nani alilinda? Sungusungu, yaani walinzi wa jadi wa kijiji, na dagashida, mkutano wa jadi wa wanakijiji. Aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alitozwa faini. Kazi hiyo ndiyo iliyorudisha msitu, na ndiyo ninayoikosa kwenye fomu za maombi ya fedha. Fomu inauliza: miche mingapi imepandwa? Basi kijiji kinapanda, picha zinapigwa, kiangazi kinaikausha. Inaniuma, maana kijiji hicho hicho kina visiki hai ambavyo havihitaji kununuliwa wala kumwagiliwa.

Ninachoomba ni fedha zifike kijijini moja kwa moja, kidogo kidogo, kwa miaka 15 au zaidi, zilipe walinzi na vikao vyao.

Na kuna jambo la hati. Shinyanga watu walisita mwanzoni, wakihofia kwamba miti ikishaota serikali itaichukua ardhi. Mimi siwalaumu hata kidogo. Nani akeshe akilinda asichokuwa na uhakika nacho? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya haki miliki ya kimila, lakini kupima mipaka kunataka mafuta ya gari, posho ya mpima na siku nzima za wazee kuonyesha mawe ya zamani. Gharama hiyo iwe mstari wa kwanza wa bajeti, kabla ya kununua mche hata mmoja.

Karibuni kwa maswali.