Umekula Mwisho Saa Ngapi? Mhadhara juu ya Kujiandaa kwa Vipimo vya Maabara

Wazee wetu, mama zetu, mabibi na mabwana, asalaam aleikum na hamjambo nyote. Walionisikia zamani wanajua nitakapoanzia, na wale wawili wanaocheka pale nyuma wanajua zaidi, lakini maadamu maabara bado inapokea watu ambao kipimo chao kimeharibika kabla ya sindano kutolewa kwenye pakiti, sina budi kulirudia. Mtaalamu wa maabara anapaswa kukuuliza, nawe unapaswa kumwambia hata asipouliza: umekula mwisho saa ngapi, na umemeza nini tangu hapo?

Mwezi wa Ramadhani alikuja mzee mmoja kutoka Likoni, amevuka na feri mapema, na saa mbili asubuhi alikuwa ameketi mbele yangu na fomu ya kupimwa sukari na mafuta ya damu. Nilipoanza maswali yangu, alinikata kauli.

“Mwanangu, mimi nimefunga. Habari za chai usiniulize.”

“Naelewa, baba. Daku umekula saa ngapi?”

“Saa kumi na nusu, kama watu wote.”

“Na ulikula nini?”

Hapo uso ulimkunjuka, akanihesabia: wali wa nazi uliobaki, maharagwe, tende kadhaa na vikombe viwili vya chai ya maziwa iliyokolea sukari, ili asichoke mchana.

Mzee yule hakusema uongo hata kidogo, na saumu yake haikuwa na dosari, lakini tangu wali ule uingie tumboni zilikuwa zimepita saa tatu na nusu tu, ilhali kipimo cha sukari cha kabla ya kula kinahitaji zisizopungua saa 8, na kile cha mafuta, daktari akitaka kifanywe kabla ya kula, huhitaji kati ya saa 9 na 12. Tungeitoa damu ile, mashine ingeisoma kwa uaminifu wake wote, kwa sababu kazi yake ni kupima kilichomo ndani ya chupa. Habari za daku haizijui. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, sukari ya kabla ya kula inayofikia milimoli 7.0 kwa lita ni ya kisukari, na ya kuanzia 6.1 hadi 6.9 ni ya kuangaliwa kwa karibu. Sasa fikirini daktari anayeiona 7.3 kwenye karatasi iliyoandikwa kwamba mgonjwa hajala. Ataanza kumshuku mtu kwa maradhi ambayo pengine ni maharagwe ya nazi.

Najua kuna atakayesema: basi tungoje alasiri, saa zitimie. Saa zitatimia, lakini vigezo hivyo vimewekwa kwa damu ya asubuhi baada ya usiku wa kulala, na sukari ya mwili haiendi sawasawa mchana kutwa. Isitoshe, anayekaa na njaa kwa ajili ya maabara anaruhusiwa maji, tena tunamsihi ayanywe, kwa sababu mwili ukikauka mshipa huwa mgumu kupatikana, kisha mnatulaumu kwamba tunachoma ovyo. Kuhusu hukumu ya kutolewa damu ukiwa na saumu, muulizeni sheikh wenu. Mimi ni mtu wa chupa na sirinji.

Kama jambo si la haraka, muulize daktari kuhusu kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi 3 na hakihitaji ukae na njaa, na ambacho asilimia 6.5 na zaidi huhesabiwa kuwa kisukari. Ila hapa Pwani nawaomba mnisikilize vizuri. Kipimo hicho husoma sukari iliyoshikamana na chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi. Kwa mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe hizo, chembe hufa mapema mno, na kwa aliyeongezwa damu karibuni zimechanganyika na za mtu mwingine. Majibu yao yanaweza kuonekana mazuri kuliko hali yao, kwa hiyo lazima waseme.

Bwana aliyenong’ona kuhusu kahawa chungu, nimekusikia. Haina sukari, kweli, lakini kafeini huathiri sukari ya mwili, na sijapata kumwona mtu wa Mombasa aliyekunywa kahawa chungu akaiacha kashata. Na wewe uliyesoma kwamba siku hizi mafuta hupimwa hata baada ya kula, umesoma sawa: tangu 2016 wataalamu wa Ulaya wameukubali utaratibu huo kwa watu wengi, kwa kuwa kolesteroli haibadiliki sana kwa mlo mmoja. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damu, ndiyo hupanda, na ikipanda sana utaambiwa urudi ukiwa na njaa. Fuata ulivyoagizwa.

Dawa sasa, maana muda unanikimbia. Za presha, kwa kawaida, zimeze na maji kama siku zote. Anayejidunga insulini au kumeza dawa za kisukari asikae na njaa bila kumwuliza daktari, kwani sukari inaweza kushuka akaanguka njiani. Achukue chakula mkobani ale akishatolewa damu. Dada zetu wanaomeza biotini, aina ya vitamini, kwa ajili ya nywele na kucha waseme pia, kwa sababu inaweza kupotosha vipimo vya tezi ya shingoni na hata kimoja cha moyo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo mwaka 2017.

Mkojo: jisafishe, acha wa mwanzo upite, kinga wa katikati, na ulete mapema, si baada ya kuzunguka nao sokoni Marikiti.

Homa ya matumbo ni mhadhara mzima peke yake. Kipimo chake cha Widal, kinachotafuta kingamwili ambazo mwili huunda kupambana na vijidudu vyake, kilibuniwa mwaka 1896, na jibu lake moja halitoshi kukuhukumu, kwani kingamwili zinaweza kuwa za maambukizi ya zamani. Kilicho bora ni kuotesha damu, yaani kuikuza maabara ili vijidudu vyenyewe vionekane, nayo itolewe kabla hujapita kemisti kununua antibayotiki.

Majibu yakiwa nje ya kiwango kidogo tu, usikeshe. Viwango vingi hupangwa ili vikusanye watu 95 kati ya 100 wenye afya, kwa hiyo watano wazima hubaki nje.

Makohozi nilikuwa nimeyaandalia nusu saa, na mwenyekiti amekwisha kusimama. Aliye na kikohozi cha zaidi ya wiki mbili asingoje mhadhara wangu ujao. Aende akapimwe kesho.