Nyumba Mpya ya Sokwe: Milango Mingapi?

ZUHURA: Karibuni tena wasikilizaji wetu, tunawaletea kipindi kutoka hapa Kigoma. Leo ni habari ya mabanda ya sokwe, na si ya hapa kwetu, ni ya Ulaya. Kaka Bakari, mada hii umeileta wewe.

BAKARI: Nimeileta kwa sababu ya Krefeld, kule Ujerumani. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2020, watu walirusha zile taa za karatasi zinazopaa kwa moto. Zikaangukia nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama. Jengo lile la mwaka 1975 likateketea, wanyama zaidi ya 30 wakafa humo ndani. Wakiwemo orangutani, gorila na sokwe.

ZUHURA: Subhanallah. Hakuna aliyepona?

BAKARI: Walipona sokwe wawili, Bally na Limbo, wakiwa na majeraha ya moto, si makubwa. Halafu kuna gorila dume anaitwa Kidogo, yeye na familia yake walikuwa kwenye jengo la pembeni ambalo moto haukulifikia. Tangu hapo bustani ile imekuwa na mpango wa kuwajengea makao mapya. Ndipo nikajiuliza: anayechora jengo kama hilo aanzie wapi?

ZUHURA: Watu wengi wataanza na ukubwa wa eneo. Mimi ningeanza na milango.

BAKARI: Milango? Hebu fafanua, dada.

ZUHURA: Angalia sokwe wa Gombe, hifadhi yetu ya hapa Kigoma, wanavyoishi. Kundi ni moja, lakini ni nadra kuwakuta wote pamoja. Asubuhi watatu wanashika bonde hili, mama na wanawe wanashika lile, jioni wanaitana kwa makelele na baadhi wanakutana. Aliyegombana na mkubwa anapotea kwa muda, hasira ikipoa anarudi. Sasa umfungie kwenye chumba chenye mlango mmoja, na dume mkubwa amekaa pale pale mlangoni. Anakwenda wapi?

BAKARI: Hana pa kwenda. Atapigwa.

ZUHURA: Atapigwa, au ataishi na hofu siku zote. Kwa hiyo kila chumba kiwe na njia mbili za kutokea, au tatu. Pawe na kona ambayo mkubwa hakuoni. Eneo likiwa kubwa lakini wazi kama uwanja wa mpira, kwa sokwe mnyonge halina faida.

BAKARI: Na hasira zao si za mchezo. Gombe hiyo hiyo, kundi la Kasakela liligawanyika, na kuanzia 1974 hadi 1978 madume wa Kasakela wakawaua wenzao waliojitenga, kundi lililoitwa Kahama, mmoja baada ya mwingine. Walikuwa wamekua pamoja wale!

ZUHURA: Ndiyo maana bustani ya wanyama ya Edinburgh, Scotland, nawasifu. Jengo lao la sokwe lilifunguliwa 2008, vyumba vya ndani vimeunganishwa kwa njia. Mwaka 2010 wakaletewa sokwe 11 kutoka Uholanzi waungane na 11 waliokuwapo. Bila sehemu za kutengana na kukutana tena, usingethubutu jambo hilo. Tena wanalisaidia kituo cha utafiti cha msitu wa Budongo, Uganda. Pesa inarudi msituni.

BAKARI: Mimi lipo moja linaniuma: mahandaki ya maji, ile mitaro ya kuzungushia banda badala ya nondo. Wachoraji wanayapenda kwa sababu mgeni haoni nondo, picha inatoka nzuri. Lakini sokwe hajui kuogelea. Akiteleza akatumbukia ndiyo basi, na imeshatokea kwenye bustani mbalimbali. Sisi watu wa ziwa hatuhitaji kuelezwa maji yanavyomaliza mtu.

ZUHURA: Waweke kioo kinene. Kioo kinazuia na mafua yetu. Kwenye hifadhi ya Mahale mgeni anavaa barakoa na kusimama mita 10, kwa sababu kikohozi cha binadamu kinaua sokwe. Na 1966 Gombe walipata ugonjwa wa kupooza, polio, wengine wakalemaa viungo.

BAKARI: Na kimo cha banda je?

ZUHURA: Hapo ndipo penye utamu! Umewahi kumtazama akitengeneza kiota? Jua likianza kuzama nyuma ya milima ya Kongo anapanda juu, anachagua panda imara, anavuta tawi, analikunja, analikanyaga kwa mguu lisifyatuke. Anavuta la pili, la tatu, anaingiza vitawi vidogo ukingoni. Analala, anainuka, anakata majani mengine, anayaweka chini ya kichwa. Dakika chache tu. Na mtoto yuko pembeni anatazama, ndivyo anavyojifunza. Kesho kingine kipya.

BAKARI: Kwa hiyo ukimpa jukwaa la mbao lililogongomewa misumari...

ZUHURA: Umempokonya kazi yake ya jioni. Mpe majukwaa ya juu kweli kweli, halafu kila siku mletee matawi mabichi. Gharama ni ndogo.

BAKARI: Kuna watakaosema wote warudishwe Afrika, yaishe.

ZUHURA: Ilifanyika Rubondo, Ziwa Victoria. Kati ya 1966 na 1969 sokwe kutoka Ulaya waliachiwa kisiwani, na uzao wao uko hadi leo. Lakini kile ni kisiwa kikubwa chenye msitu na hakikuwa na sokwe wengine. Leo ukimleta aliyezaliwa Ujerumani ukamwachia Gombe, sokwe wenyeji watamuua. Wengi watazeekea huko huko, kwa hiyo nyumba ijengwe vizuri.

BAKARI: Basi ombi langu kwa wanaopanga, Krefeld na kwingineko: kabla ya kumwaga zege, waiteni wale wafuatiliaji wa Gombe na Mahale wanaoamka alfajiri kuwasubiri sokwe chini ya viota. Wapeni ramani waipitie.

ZUHURA: Na walipwe kama mnavyomlipa mchoraji. Wasikilizaji, kama umewahi kufanya kazi hiyo, tutumie ujumbe wa sauti. Tutaucheza wiki ijayo.