Feni ya AC Inavuma Namba Nne Tu? Usikimbilie Kujaza Gesi

Wadau wa nyumbani, karibuni tena. Niko hapa Houston, Texas, kwenye maegesho ya fleti zetu, jua la Agosti linawaka na jasho mnaliona wenyewe. Gari ya leo ni Toyota Corolla ya 1999, mali ya jirani yangu, mama mmoja Mkongomani. Analalamika kwamba AC haipulizi mpaka aweke namba nne. Moja, mbili, tatu, kimya. Gereji moja imeshamwambia gesi imeisha.

Gesi! Jamani, gesi ikiisha feni inapuliza vilevile, ila upepo unatoka wa moto. Feni isipopuliza, hiyo ni kesi ya umeme, na hata ukimaliza mtungi mzima wa R-134a hupati kitu. Tena gari nyingi zimefungwa hivi: swichi ya feni ikiwa imezimwa, kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, nayo hairuhusiwi kuwaka. Fundi asiyepima anaikuta kompresa imelala, anatangaza gesi, na wewe unatoa hela.

Ile namba nne ndiyo inayotoboa siri. Mota hii ni ya volti 12. Ukiweka moja, mbili au tatu, umeme unapitia kwanza kwenye rezista, zile nyaya zilizosokotwa zinazopunguza nguvu. Namba nne inairuka rezista. Kwa hiyo spidi za chini zikifa zote ikabaki ya juu, achana na fyuzi, achana na rilei (ile swichi inayowashwa kwa umeme), mota nayo inazunguka. Mtuhumiwa ni rezista au plagi yake. Ingekuwa hakuna spidi hata moja, hapo ningeanza na fyuzi, kisha rilei, kisha ningeigonga mota taratibu kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka ikazunguka, brashi zake, vile vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani, zimekwisha.

Wenye Toyota Mark II Grande na gari nyingine za AC ya kujirekebisha yenyewe, ngojeni kidogo. Nyingi za kwenu zinatumia transista badala ya rezista hii, na dalili zake ni nyingine.

Haya, nashusha droo ya mbele ya abiria. Huku usukani uko kushoto, kwa hiyo feni iko kulia, kwenu geuzeni. Plagi za manjano usiziguse, hizo ni za eabegi. Mmeona rezista ilivyochomekwa ndani ya njia ya upepo? Ndiyo inavyopozwa. Majani na vumbi vikiziba, inaungua. Na hapa majani yapo, tazameni.

Sasa kupima. Kwenye Toyota nyingi za zamani chanya inafika kwenye mota kupitia rilei, halafu swichi na rezista ziko upande wa hasi. Hapo vijana wengi wanachanganyikiwa: swichi iko namba mbili, mota imekufa, unapima nyaya zote mbili za mota, unakuta 12 na 12. Unaapa umeme upo! Upo kweli, ila hauna pa kutokea. Hasi imekatika mbele ya mota.

Na msiiamini sana multimita, kile kipimo cha umeme, peke yake. Waya uliobaki uzi mmoja utakuonyesha 12 safi kabisa, kwa sababu multimita inaonja tu, taa ya kupimia ndiyo inayokula. Weka balbu ya volti 12. Ikififia, waya umeoza.

Haya, nachomoa plagi. Tobaa! Sogeza kamera, waone. Plastiki imekuwa kahawia, pini moja imeyeyukia ndani. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea: fundi anaweka rezista mpya, anarudishia plagi hii hii, baada ya muda umerudi palepale. Pini iliyolegea ikiwa na ukinzani wa omu 0.2 tu, ukapitisha ampea 10, unapoteza volti 2 na unapata joto la wati 20 ndani ya kijiplastiki hiki. Lazima kiungue. Kwa hiyo nakata plagi, naunga nyingine yenye waya wa unene uleule, na rezista naweka mpya.

Hiyo plagi msiikatae kununua. Huku naitoa kwenye yadi ya magari chakavu, nafungua mwenyewe. Kwenu nendeni Gerezani, Kariakoo, kwa walioko Dar, au Kirinyaga Road kwa walioko Nairobi, mwambie muuza spea akukatie na kipande cha waya. Na fundi akitaka kukufungia dairekti, yaani waya wa moja kwa moja bila rezista, mkatalie. Akitaka kuongeza fyuzi kutoka 30 kwenda 40 ili "isikatike", mkatalie kwa sauti. Fyuzi inalinda waya, na ukiiongeza, kitakachokatika ni waya wenyewe, nyuma ya dashibodi, kwa moto.

Nawasha. Moja... inapuliza. Mbili. Tatu. Lakini sikilizeni namba moja, kuna mlio wa kukwaruza. Hizo ni bushi za mota, zile pete zinazoshika mhimili wake, zimechoka, na mota inayozunguka kwa shida inavuta ampea nyingi kuliko kawaida, ndiyo ilianza kuichosha plagi. Nimemwambia mama bado hatujamaliza. Wiki ijayo mota inashuka. Wewe mwenye gari ya namna hii, niandikie mwaka wake, spidi zipi zimekufa, na plagi ya rezista ina rangi gani ukiichomoa.