Tone Moja Kwenye Mafuta

ATIENO: Karibuni tena. Tuko hapa Kisumu, tumefunga madirisha kwa sababu ya kelele za bodaboda, kwa hivyo mkisikia mtu anajipepea ni mimi. Wafula amerudi kutoka ushago Bungoma na amefungwa bandeji.

WAFULA: Si bandeji, ni plasta. Hamjambo.

ATIENO: Plasta ya vidole vitatu. Haya, waambie watu.

WAFULA: Nilifika tarehe 24, saa tisa hivi. Hata chai sijamaliza, namsikia Mama akilalamika kuhusu jiko. Lile jiko letu la nje, la mabati. Bati moja lilikuwa limeng'oka upande, upepo ukivuma linapigapiga usiku kucha. Akasema atamwita fundi baada ya sikukuu. Nikamwambia, fundi wa nini na mimi niko?

ATIENO: Ehe. Hapo ndipo gari lilipoacha barabara.

WAFULA: Nikapanda. Nyundo ya marehemu mzee ipo, misumari nikaipata kwenye kopo. Nikagonga kumi na miwili, nikashuka, nikasimama uani nikijisifu.

ATIENO: Uligonga mgongoni au bondeni?

WAFULA: Swali gani hilo?

ATIENO: Bati lina mawimbi, ndugu yangu. Migongo na mabonde. Uligonga wapi?

WAFULA: Bondeni.

ATIENO: Wafula!

WAFULA: Ngoja basi, nisikize. Bonde ndilo limelala juu ya mbao. Ukigonga hapo msumari unashika mara moja. Mgongoni chini ni hewa tupu, unagonga bati linacheza, linabonyea. Mimi niliona nimefanya kazi safi.

ATIENO: Na maji ya mvua hupita wapi?

WAFULA: Bondeni.

ATIENO: Kwa hivyo ulitoboa njia ya maji mara kumi na mbili.

WAFULA: Na misumari yenyewe ilikuwa ya mbao, ya kichwa kidogo. Haikuwa ile ya mabati yenye kofia na kipira chini yake. Lakini siku hiyo jua lilikuwa kali, nani angejua?

ATIENO: Mama yako alijua.

WAFULA: Mama aliangalia juu, akanyamaza. Ningemwelewa hapo. Sasa Krismasi yenyewe, saa nane mchana, anakaanga kuku kwenye sufuria kubwa juu ya mafiga. Mafuta yamepata moto sawasawa. Nikasikia pa, pa, pa kwenye bati. Nikasema moyoni, itapita. Tone likapitia kwenye msumari wangu, moja kwa moja hadi ndani ya sufuria.

ATIENO: Uwii.

WAFULA: Tone moja tu! Mafuta yaliruka kama yamepigwa teke.

ATIENO: Lazima. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanazama, na huko chini yanageuka mvuke papo hapo. Na mvuke unataka nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji. Utapita wapi kama si juu, pamoja na mafuta?

WAFULA: Yakamwagikia kuni, moto ukapanda mpaka ndani ya sufuria. Binamu yangu huyo na ndoo ya maji.

ATIENO: Hapana, hapana, hapana.

WAFULA: Mama alipiga ukelele sijawahi kuusikia tangu nizaliwe. “Weka chini!” Binamu akaganda. Mama akashika sinia, ile ya bati ya chapati, akaipindua, akafunika sufuria. Akanionyesha kuni kwa kidole, nikazivuta nje. Ndiyo hivi vidole unaviona.

ATIENO: Ngoja. Sinia ilikuwa na chapati?

WAFULA: Arobaini.

ATIENO: Zikaenda wapi?

WAFULA: Chini, kwenye majivu. Mbwa wa jirani alifika kabla ya moto kuzimika.

ATIENO: Pole sana. Na mkono?

WAFULA: Shangazi alikuja mbio na dawa ya meno, nikamkatalia kwa heshima. Nikakaa kwenye mfereji dakika ishirini, maji yakinipitia, kila mgeni anayeingia nikimsalimia na ile mkono nyingine.

ATIENO: Mimi nilikuwa Nakuru kwa dada yangu, na shida yetu ilianza na maharagwe. Huku Kisumu tuko mita 1,130 hivi, maji yanachemka karibu nyuzi 96. Nakuru ni kama mita 1,850, yanachemka karibu 94. Nyuzi mbili unaona ni kitu kidogo, lakini maharagwe yanajua. Dada aliyabandika asubuhi, saa nane bado yanagonga sufuria kama kokoto. Gesi ikaisha.

WAFULA: Mkesha wa Krismasi.

ATIENO: Eh. Shemeji akaenda kubadilisha mtungi, akafunga, harufu ikajaa nyumba. Kijana wao mmoja anatafuta kibiriti, ati aone inakovuja!

WAFULA: Wacha!

ATIENO: Nilimpokonya. Tukafunga mtungi, tukafungua milango. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, kwa hivyo mlango unasaidia kuliko dirisha la juu. Tukangoja mpaka harufu ikaisha. Kisha tukaupeleka nje, shemeji akafungua kidogo, nikapaka maji ya sabuni pale kichwa kinapofungwa. Mapovu hayo! Kipira cha ndani kilikuwa kimepasuka. Dukani walimpa kingine, na maharagwe tukala saa nne usiku. Lakini niambie, lile bati liliishaje?

WAFULA: Fundi alikuja tarehe 27. Akang'oa misumari yangu yote, akaziba matundu kwa lami, akagonga upya mgongoni. Akanyanyua msumari mmoja, akauangalia, akauliza, “Mama, hii kazi alifanya nani?”

ATIENO: Na wewe uko hapo?

WAFULA: Nimekaa hapo chini ya mwembe, vidole vitatu vimefungwa.

ATIENO: Akasemaje?

WAFULA: Akasema, “Ni mgeni fulani alipita hapa.”